Benchi la Posta Lisiguswe Mguu

Mwalimu Mstaafu alishusha gazeti, akavua miwani, akasema posta ya zamani haivunjwi tena. Inageuzwa maktaba, kwa usanifu unaojali mazingira.

Ilituhusu. Kijiwe chetu kiko barazani pa posta hiyohiyo: benchi moja lenye mguu mbovu ulioshikiliwa na jiwe, jiko na birika la kahawa la shangazi yangu, nami wa kuosha vikombe, basi.

"Usanifu unaojali mazingira ndio mdudu gani?" akauliza Dalali, ambaye ukimpa mgongo anauza kivuli chako.

"Jengo kupoa lenyewe bila kiyoyozi."

"Si ndivyo lilivyo?" Huyo ni Fundi Chokaa. Akagonga ukuta kwa kiwiko. "Ukuta mnene, dari juu kule, dirisha hili linaongea na lile. Babu yangu alipaka chokaa hapa, na hakuwahi kuitwa kwenye semina."

"Babu yako alikosa simenti tu," Dalali akasema.

"Ukuta huu ukiupaka simenti unatota ndani, kama mtu aliyevaa koti la mvua juani."

"Mimi ningevunja. Ghorofa kumi na mbili, vioo mwanzo mwisho."

"Na umeme ukikatika?"

"Wapangaji watakuwa wameshasaini."

Shangazi hakucheka. "Nyie bishaneni vioo. Wakianza kukarabati, wa kwanza kufagiliwa ni mimi. Miaka kumi na tisa niko hapa. Wanangu wote wamesomeshwa na birika hili. Jiko nalipeleka wapi?"

Hata Dalali akaangalia kikombe chake.

Ndipo akatoka ndani binti msanifu wa majengo, kofia ngumu kichwani, futi ya kupimia mkononi.

"Shikamooni."

Akapima benchi. Akapima kutoka ukutani mpaka kwa shangazi. Akaandika.

"Mwanangu, tunahama lini?" shangazi akauliza.

"Hamhami, mama. Jengo la kale linahifadhiwa pamoja na matumizi yake yaliyozoeleka. Ninyi ni matumizi."

"Na mimi miaka yote najijua fundi," Fundi Chokaa akasema.

"Ila msibadilishe kitu. Benchi lisitengenezwe mguu, jiwe lililoushikilia libaki hilohilo. Wanywaji watatu, muuzaji mmoja, mwosha vikombe mmoja."

"Na huyu akifa?" Dalali akamwonyesha Mwalimu.

Binti akafunua karatasi. "Anawekwa mwingine wa aina ileile. Kama tofali."

Mwalimu akakunja gazeti taratibu. "Mwezi ujao nilikuwa nahamia kwa mwanangu."

"Utaandika barua, baba, tuone."

Wakanyamaza wote, wameketi wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Binti akasubiri, kalamu mkononi.

"Sasa mbona kimya? Nimeandika hapa kuna ubishi kila siku, saa nne mpaka adhuhuri. Mkaguzi ndiye huyo anashuka ngazi. Asipousikia, naifuta baraza yote, na jiko."

Viatu vya mkaguzi vikasikika. Shangazi akamkanyaga Dalali.

"Simenti," Dalali akasema, akimwangalia mkaguzi, "inaishinda chokaa mara mia."

Fundi Chokaa akaweka kikombe chini, akavua kofia.

"Rudia."