Betri Inayozimikia Ukweni

Kwa Mama Enjinia Naomie,
Msimamizi wa jaribio la pikipiki za umeme,
Kasongo.

Mama Enjinia mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu zote, pamoja na watu wa ofisi yako. Mimi ni Marcellin, yule dereva uliyempa pikipiki yenye betri ya lithiamu na salfa, ile nyepesi ambayo mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Nakuandikia kutoka Lusangi, nikiwa nimekaa kwenye barza ya wakwe zangu, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Siku ya kutukabidhi ulituonya kwamba betri hii itazeeka. Ulisema ndani yake salfa ina upande wake na lithiamu ina upande wake. Tunapoendesha, salfa inavimba hadi makao yake yanapasuka, na vipande vyake vinayeyuka katika maji ya betri, vinahamia kwa lithiamu na kuigandia kama ukoko wa sufuria. Tukichaji, vingi vinarudi kwao, vichache havirudi. Kesho vinabaki vingine. Leo nauliza: hiyo salfa haina wazazi? Kwetu mtu akihama nyumbani, wazee wa pande mbili wanakaa, wanamsikiliza, wanamrudisha. Nyinyi mmeiacha izurure tu, halafu mnaita hali hiyo uzee.

2. Mwanzoni nilikuwa naipita Lusangi kwa kasi, naelekea Salamabila na abiria wangu, bila hata kugeuza shingo. Baada ya miezi kadhaa betri ikawa inaishia kwenye mlima unaoukuta ukishaipita Lusangi. Kisha ikawa inaishia darajani, kisha kwenye shamba la mihogo la parokia. Sasa inazimika uwanjani kwa wakwe zangu, karibu kabisa na mlango wa jiko.

3. Mama, humo jikoni yumo mke wangu Yvette. Alirudi kwao tangu kiangazi. Alisema kila asubuhi naiuliza betri kama imeshiba, lakini yeye simuulizi hata kama amelala vizuri. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Sasa, unajua desturi: mume haendi yeye mwenyewe kumfuata mke. Anamtuma baba yake mdogo, mzee mwingine mmoja, na mbuzi. Mimi, kwa hasira na kiburi, sikumtuma mtu. Ndipo betri yenu ikanifikisha pale bila baba mdogo, bila mzee, bila mbuzi, nimeshika kofia ya pikipiki mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

4. Mwenye paneli ya jua hapa ni baba mkwe. Kwa hiyo lazima ningoje betri ijae, na mawingu yakifunga nalala barzani. Kwa kuwa desturi hainiruhusu kula mbele ya mama mkwe, yeye anazunguka nyuma ya nyumba kila sahani inapotoka, na mgongo wake unamuuma. Yvette analeta wali na sombe, yale majani ya mihogo, anaweka, anarudi jikoni. Siwezi kufika mikono mitupu, basi nimeleta kuku wengi hadi wauzaji wa sokoni Kasongo wanauliza kama nimefungua mgahawa. Juzi mama mkwe alisema, akiwa ameangalia pembeni:

"Mukwe, ile batri yako iko najua hapa kwetu kupita weye."

Yaani betri inapajua kwao kuliko mimi mkwe wao.

5. Kwa hiyo naomba betri mpya yenye nguvu ya kuipita Lusangi. Tena mradi ukiri kwa maandishi kwamba aliyekuja kumfuata mke wangu bila wazee ni betri, si mimi. Na kwa kuwa betri ni mtoto wa mradi, mradi ulete wazee wawili na mbuzi kuomba radhi. Wewe mwenyewe unafaa kuwa mzee wa upande wa salfa. Msipofanya hivyo, Yvette atabaki huku, na nyumba yangu ya Kasongo imekuwa kimya kwa namna ambayo siipendi hata kidogo.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi wa lango, na Bibi Safia anayewapikia chai. Nabaki mtumishi wako mwenye kusononeka,

Marcellin

P.S. Yvette ameisoma barua hii kabla sijaikunja. Anasema niongeze kwamba kila mara pikipiki "ilipozimika" hapa, yeye aliangalia kile kioo cha pikipiki kinachoonyesha chaji nilipokwenda kunawa, na chaji ilikuwa bado ipo, ya kufika hata mlimani. Anasema alinyamaza kwa sababu alitaka kuona nitakuja mara ngapi. Basi betri mpya usilete. Mbuzi bado namwomba, maana baba mkwe amekwisha kumtengea kamba. Sasa hivi Yvette amefunga mzigo wake nyuma ya pikipiki, akaniuliza kama betri hii itatufikisha Kasongo. Nimemjibu ukweli, kwamba sijui. Amepanda hata hivyo, na ananingoja nimalize kuandika.