Asali wa Banissa na Nyoka Asiyekula

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepewa onyo la pili. Mimi! Rukiyo, ayeeyo wa wajukuu kumi na saba, niliyechunga mbuzi kwenye mchanga wa nyoka kabla huyo Osob aliyelitoa hajaota jino.

Sheria ya grupu ni maonyo matatu, kisha nje. Grupu linaitwa Nyoka Wangu wa Kwanza. Ni la watu wa mjini waliochukua kibali, wakaweka nyoka sebuleni ndani ya sanduku la kioo kama mandazi ya hoteli. Wazimu mtupu. Lakini nyoka wanayempenda kuliko wote ni wetu wa huku Garissa. Yule mfupi mnene wa mchangani, ukimtazama haraka hujui kichwa ni kipi na mkia ni upi. Huyo namjua kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Mjukuu wangu Hamda ndiye aliyeniingiza kwenye grupu.

Watu mia mbili na kumi na nne. Wengine wana digrii. Mimi cheti changu ni cha gumbaru, kisomo cha watu wazima. Na wananiuliza, Ayeeyo, unasemaje? Hapa nyumbani nani ananiuliza? Mwanangu akitaka kujua kama mvua itanyesha anauliza simu. Na mimi nimekaa pale pale, na goti linaloniuma kabla ya kila mvua!

Kosa langu ni hili. Kijana anaitwa Liban, wa Eastleigh, ameandika na nyuso nne zinazolia. Nyoka wake hajala wiki mbili. Amfungue mdomo kwa kijiko? Kijiko! Nikamwambia nyoka bado ni mgeni, na yeye anamshika kutwa kama tasbihi. Hata mimi mtu akinishika hivyo sili. Amwache siku kadhaa bila kumgusa, amwongezee mchanga ajifukie, kisha ampe panya mdogo jioni taa zikiwa zimezimwa. Na kama hayo yanamshinda, afuge kitunguu.

Ushauri wote sahihi. Osob mwenyewe amekiri. Huyu ni Mwalimu Osob wa Ijara, admini, anaongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Amesema ushauri ni dawa, lakini mimi nimemrushia mgonjwa chupa ya kichwa. Liban amenyamaza tangu hapo.

Bado onyo moja. Sitolewi. Wallahi sitolewi.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza: maua.

Hamda amenionyesha yalipo maua kwenye simu. Anasema siku hizi watu wakiweka ua, neno linalainika. Vizuri. Mwanamke wa Thika ameandika kwamba anamwogesha nyoka wake kwa sabuni ya watoto kila Jumapili. Nikamwita punda mwenye shahada. Nikaweka maua matatu. Na kipepeo.

Osob ameniandikia pembeni. Ua halimwondoi punda. Amesema hataliita onyo, kwa huruma tu.

Huruma ya Osob! Afadhali onyo. Nimesikia kwa watu wa Ijara kwamba mjusi akiingia darasani, Mwalimu Osob hupanda juu ya meza.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya mnada wa mifugo. Nimekwenda kumwona ndugu yangu Awil. Amekuwa dalali wa ngamia miaka thelathini. Maneno matamu ndiyo jembe lake. Mwaka jana aliuza ngamia kipofu, akasema huyu hatishwi na taa za lori.

Nimemwuliza siri. Alikuwa na mnunuzi mkononi, akanijibu huku anapapasa nundu. Sifu kwanza, akasema. Sifu mpaka mtu ameze mate. Kasoro ije mwisho, na ije imevaa nguo. Kisha akaniambia, Rukiyo dada yangu, wewe kasoro unaileta uchi, tena inakimbia.

Nimerudi nyumbani mbio. Nikamtafuta Liban kwenye grupu. Nikaandika hivi, mbele ya watu wote:

“Liban, mashallah! Meno kamili. Mgongo umenyooka. Miguu haina donda, shingo ndefu, uzao mzuri. Akili tu ndiyo bado inakua.”

Grupu zima limecheka mpaka kwenye swala ya alasiri. Liban ameniuliza pembeni, kwa adabu, kama namuuza. Osob ameandika kwamba hilo analihesabu onyo la pili na nusu. Nusu! Mwalimu gani anayehesabu hivyo?

Awil nimempigia nikamwambia siri yake haifai. Amesema inafaa, ila ngamia hawajui kusoma.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango wa tatu. Huu ni mkubwa. Nimeufikiria tangu alfajiri.

Hamda ana simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, laini nyingine ndani. Nimeichukua. Saa nne asubuhi amezaliwa mtu mpya: Asali wa Banissa. Umri miaka ishirini na minne. Picha yake ni kikombe cha maziwa ya ngamia. Banissa nimeichagua kwa sababu ni mbali, hakuna atakayekwenda kuchungulia.

Kazi ya Asali ni moja, kunisifu mimi. Si uongo, astaghfirullah. Asali ni mimi nikiwa nimelala vizuri.

Asali akaingia, akasalimu, akaandika kwamba huyu Ayeeyo Rukiyo ana ulimi mkali lakini moyo wake ni siagi. Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja tu ameweka uso unaopiga miayo.

Halafu Liban akamwuliza Asali. Si mimi, Asali! Nyoka bado hajala, anaogopa atakufa. Ningefanya nini? Msichana mpole hawezi kunyamaza. Nikaandika: pole kaka Liban, kila mtu huanza hivyo, unajali ndiyo maana unauliza. Vidole vimeniuma. Kisha nikampa maneno yale yale ya Jumatatu. Usimguse, mchanga zaidi, panya mdogo jioni, taa zimezimwa. Yote isipokuwa kitunguu.

Mioyo arobaini na moja! Nimeihesabu. Jumatatu kwa ushauri huo huo nilipata onyo.

Ijumaa, 7 Februari

Nyoka amekula.

Liban ametuma picha asubuhi. Alimpa panya jana jioni. Nyoka amevimba tumbo kama mzee baada ya harusi. Liban anasema anamshukuru Asali, dada mwenye hekima, si kama bibi fulani. Bibi fulani!

Hajaishia hapo. Osob ametangaza kwamba Asali awe mpokezi wa wageni wote wa grupu. Atawekewa nyota kando ya jina. Watu wanapiga makofi. Asali hivi, Asali vile, Asali moyo wa dhahabu.

Nikashikwa na hasira. Huyu mtoto ni nani? Miaka ishirini na minne, amechunga wapi? Ameona nyoka gani? Nikachukua simu yangu, ile yangu kabisa, nikaandika kwamba Asali ni mwizi wa maneno ya wazee. Kwamba hajawahi kukanyaga mchanga ila wa ujenzi. Kwamba hao wasichana wa maziwa matamu ndio wanaoharibu nchi.

Onyo la tatu. Osob ameandika kwamba mtu anayemtukana msichana mpole kiasi hicho hana nafasi. Nimetolewa saa nane na robo.

Nimetolewa kwa kujitukana mwenyewe!

Hamda amecheka mpaka ameanguka mkekani. Nikamwambia ainuke, mkeka si wa kucheka, ni wa kuswali.

Jumamosi, 8 Februari

Nyumba kimya. Simu yangu hailii. Nimekaa nayo mapajani kama mbuzi aliyekatwa ulimi. Mchana mwanangu ameiuliza simu yake habari ya mvua. Imesema hakuna. Goti langu linasema ipo. Hakuniuliza.

Asali bado yumo. Nikamfungua nimwombee Rukiyo msamaha. Nikakuta Liban amemwandikia pembeni, maneno marefu.

Anasema yule bibi alipomwambia afuge kitunguu, aliona haya kuuliza tena. Akakaa siku tatu anamtazama mnyama wake akidhoofika. Alikuwa karibu kumrudisha kwa aliyemuuzia. Kama si Asali, angemrudisha.

Nimesoma mara mbili. Siku tatu. Mnyama ana njaa, mwenyewe ana haya, na dawa anayo tangu Jumatatu, kwa sababu mimi nilimpa! Ameshindwa kuimeza kwa ajili ya kitunguu.

Nikainywa chai yangu baridi.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho. Liban anaomba jina la baba yake Asali. Anataka kutuma wazee Banissa, kuposa.

Subhanallah!

Jumapili, 9 Februari

Nimejaribu kumkataa kwa upole, wallahi nimejaribu. Nimeandika pole mara sita. Nimeandika kwamba Asali anasoma. Liban akasema atangoja. Nimeandika kwamba Asali ni mgonjwa. Akasema atauguza. Nimeandika kwamba Asali ana ndugu saba wakali. Akasema naye anao wanane.

Hapo nikachoka. Nikaandika: “Warya, wewe kijana! Unaposa mtu hujamwona hata kisigino? Kila kitu wewe ni kushika kwanza, kufikiri baadaye! Ndiyo maana nyoka wako alikataa kula!”

Nikaituma. Kwa simu ya Asali.

Chai ya watu wanne imechemka, ikamwagika jikoni, mimi macho kwenye simu.

Kisha Liban akaandika neno moja. Ayeeyo?

Nikafikiri kukana. Nikafikiri kuitupa simu kisimani. Mwisho nikamwandikia ndiyo, na ushauri ule ulikuwa mzuri tangu Jumatatu. Akaniuliza kwa nini basi sikuusema hivyo tangu Jumatatu. Swali la kijinga.

Lakini kijana ana malezi. Hakunitangaza. Amesema atamwomba Osob anirudishe, naye atakuwa mdhamini wangu. Masharti mawili. Asali aondoke. Na nisimtaje mtu na mboga tena.

Kwa hiyo Asali ameaga grupu, kwamba ameolewa. Pongezi mia moja na kumi na mbili. Sijawahi kupongezwa hivyo, hata siku niliyoolewa kweli.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi! Saa mbili na nusu asubuhi. Osob ameandika karibu sana Ayeeyo, tuanze ukurasa mpya. Maonyo yangu yote yamefutwa. Liban ameweka picha ya nyoka wake, amejivua gamba kipande kimoja, safi kama soksi. Nimeandika mashallah. Mashallah peke yake! Mtu aniambie sijabadilika.

Somo nimelipata na naliandika hapa ili nisisahau. Ulimi haumwumbui mtu ila kwa haraka yake. Kabla ya kujibu, vuta pumzi. Hesabu mpaka kumi. Anza na pole.

Saa tatu akaingia mgeni, Hamze, wa Hadado. Wa Hadado! Amezaliwa kwenye mchanga kama huu wetu. Anauliza nyoka wake anywe maziwa vikombe vingapi kwa siku.

Nikavuta pumzi. Nikahesabu mpaka nne. Nikaandika pole. Nikaitazama ile pole. Nikaifuta.

Nikamwuliza nyoka amekuwa ndama tangu lini. Nikamwambia akimaliza kumnyonyesha ampeleke na madrasa. Mboga sikuitaja, neno langu nimelishika.

Onyo la kwanza limefika saa tatu na dakika nne.

Bado mawili, mengi sana. Kosa langu la juma lililopita nimeliona sasa: Asali alikuwa mpole kupita kiasi, na alikuwa msichana. Safari hii nitamtuma mwanamume, mzee wa makamo, mpole kidogo tu, mwenye mke tayari.

Nimemwuliza Hamda kama laini ya Awil itaingia kwenye ile simu yake ya kioo kilichopasuka.