Nilivyokiokoa Cheti cha Duka la Mama Julienne

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku kubwa! Nimepewa kazi ya kitaifa. Sawa, ni ya duka la kushona, lakini hata taifa haliendi uchi.

Mambo yako hivi. Mama Julienne, Mkongo mwenye duka la nguo hapa Kamwokya, Kampala, ana tovuti. Wateja hutuma humo vipimo vyao: kifua, kiuno, nyonga. Leo simu zao zote zimeamka na kelele: tovuti hii si salama, jihadhari na wezi. Sasa mama gani atatuma nyonga zake kwa wezi? Na kwaya ya kina mama wa kanisa lao inataka magauni mapya kumi na mawili ya kumwimbia askofu Jumapili. Vipimo visipofika kabla ya Alhamisi, kazi inakwenda kwa fundi mwenzake, Zubaida wa Kibuli. Julienne alikuwa anatafuta leso.

Tovuti aliitengeneza mpwa wangu Ayaa, ambaye sasa anafanya kazi Gulu. Julienne akataka kumpigia. Nikasema wacha mtoto apumzike, mimi niko! Nikamkumbusha kwamba jeshini nilikuwa mtu wa mawasiliano, na kwamba niliwahi kutengeneza redio kwa waya wa mwavuli, tukamsikia rubani wa Khartoum akiagiza chai. Bila sukari.

Mushagalusa, fundi simu wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akadondosha skrubu. Akaniita Jenerali wa Kibodi. Wivu huo.

Jumanne, 15 Julai

Nimechunguza. Ugonjwa uko kwenye cheti. Kila tovuti ina cheti cha kuonyesha kuwa ni yenyewe, si tapeli, na ufunguo wa siri unaokwenda na cheti hicho. Cha Julienne kimeisha muda juzi.

Ayaa akapiga simu. (Julienne hana breki mdomoni!) Akasema Mjomba tafadhali usiguse kitu, nikitoka kazini nitaomba cheti kipya. Nikamwambia lala salama mama, kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, lakini ilikuwa karibu kuanza.

Nikaamua kuanzia kwenye msingi. Kuna maktaba ya usimbaji, ile programu inayoyafunga maneno ili mwizi asiyasome. Nikaijenga upya yote, kwa maelezo ya mtandaoni. Maandishi yakashuka kwenye kioo kama mvua ya Aprili. Mengine mekundu. Julienne akauliza mekundu ni ya nini. Nikamjibu ni nguvu. Mwishoni mashine ikaniuliza kama nataka kufanya majaribio kwanza. Majaribio! Mimi! Nikayaruka.

Tovuti ikazimika kabisa. Nikamweleza Julienne kwamba sasa ndiyo tovuti salama kuliko zote Kampala: hakuna mwizi anayeweza kuingia. Akasema hata mteja hawezi. Wafanyabiashara hawana subira na sayansi.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudisha maktaba ya zamani. (Niliweka nakala. Mwanajeshi hodari hasahau kuacha njia ya kukimbilia.) Kisha nikatengeneza ufunguo mpya, mrefu, herufi zimesongamana kama senene kwenye gunia. Tovuti ikaukataa: ufunguo huu si wa cheti hiki. Sawa! Nikatengeneza na cheti, nikakitia sahihi mimi mwenyewe. Simu zikasema hazimjui aliyetia sahihi.

Hazinijui! Mbwa wote wa Kamwokya wananijua!

Nikakichapa karatasini, nikampelekea mwenyekiti wa mtaa. Akagonga muhuri, hakusoma, akanitakia heri. Nikakipiga picha na kuipandisha kwenye tovuti. Wapi. Mashine hizi hazina heshima na serikali. Mushagalusa akapita, akauliza kama bado nangoja sahihi ya mkuu wa polisi. Nilimtazama kwa jicho la gwaride, akaendelea na mandazi yake.

Saa kumi jioni, ufunuo! Nikarudisha ufunguo wa zamani na cheti cha zamani. Nikakitazama. Cheti hiki kilikuwa na afya tangu Julai mwaka jana hadi Jumapili. Basi cheti hakina kosa. Kosa ni la leo! Nikachukua tableti ya Julienne, nikarudisha tarehe yake mpaka Agosti mwaka jana. Kimya. Wezi wote wametoweka. Julienne akaniita Papa Santo, mtu wa Mungu.

Lakini wateja je? Jeshini, kabla ya mapambano, saa zote hulinganishwa na ya kamanda. Nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikawapanga kina mama mstari mmoja. Toa simu! Fungua mipangilio! Nyuma, rudi! Mama Reine akauliza kama na mume wake atarudi alivyokuwa mwaka jana. Nikasema tuanze na simu.

Vipimo vikamiminika palepale. Vyote kumi na viwili! Ayaa na digrii yake hajawahi kuamrisha kalenda.

Ijumaa, 18 Julai

Mafanikio huleta manung'uniko. WhatsApp za kina mama zimegoma, zinasema tarehe ni ya uongo. Tresor, mwalimu wa kwaya, alituma mwito wa mazoezi ya jana na haukumfikia mtu. Inasemekana aliimba sauti zote nne peke yake. Leo Mushagalusa ameweka benchi nje, anarekebisha tarehe za simu moja moja, akiwaambia kina mama poleni, karibuni tena mwaka huu. Mdandiaji!

Dukani lakini, raha. Cherehani tatu zinanguruma. Julienne alichapa orodha ya vipimo kutoka kwenye tovuti, akakata kitambaa chote. Anashangaa: kina mama hawa hawajaongezeka hata kidole tangu zile sare za Krismasi. Nikamwambia ni maombi.

Jumapili, 20 Julai

Nilikaa kiti cha mbele, kama anavyostahili mtu aliyeokoa ibada.

Kwaya iliingia kwa hatua fupi fupi, kama bata. Nikadhani ni mtindo mpya. Wimbo wa kwanza waliuimba kwa pumzi za kuazima. Wa pili, kwenye aleluya ya juu, Mama Reine akainua mikono. Traaap! Kutoka kwapani mpaka kiunoni. Jirani yake naye, traaap! Halafu mstari mzima, kama mizinga ya kumpokea rais. Askofu akadhani ni shangwe za kienyeji, akapiga makofi. Wakamaliza wakiwa wamefungwa vitenge vya waumini.

Julienne alilia chini ya meza ya kukatia. Akampigia Ayaa, na Ayaa akaeleza kitu kisicho na maana sana. Ati kila kipimo hujiandika tarehe ya simu iliyokituma. Vipimo vipya vikajiandika Agosti mwaka jana. Vile vya sare za Krismasi ni vya Desemba, basi mashine ikaona hivyo ndivyo vya karibuni, ikampa Julienne miili ya Desemba.

Kisha Ayaa akaomba cheti kipya. Julienne hajamaliza hata kunijazia chai, kikawa tayari. Bila shaka! Mambo magumu nilikuwa nimeshayamaliza.

Jumatatu, 21 Julai

Habari njema. Askofu ameipenda kwaya, anataka kuisikia tena Jumapili ijayo. Habari nyingine: kitambaa kimekwisha, na mjini hakuna tena cha rangi ile. Kina mama wamempa Julienne nafasi moja ya mwisho. Akishindwa, wanahamia kwa Zubaida na hawarudi.

Kila mtu ana wazo. Mushagalusa anasema kila ubavu utiwe kipande cha rangi nyingine. Ayaa anasema kitambaa kitafutwe hata Nairobi. Nikawasikiliza kwa huruma. Wote wanataka kuyagusa magauni! Magauni hayana kosa. Nimeyakagua mwenyewe, yamekatwa sawasawa.

Nimemwambia Julienne asiguse hata uzi. Nimeshagonga milango yote kumi na miwili: kesho saa kumi na mbili asubuhi, raba miguuni, mchakamchaka mpaka ziwani Port Bell na kurudi. Mama Reine alinifungia mlango usoni, lakini nilimsikia nyuma yake anatafuta raba.

Wiki moja tu, na nitakuwa nimewarudisha wote Desemba.