Mtindo wa Katanga katika Maji ya Magotini

Jumapili, 6 Julai 2025

Sijui kuogelea. Haya, nimesema. Hakuna mwingine anayejua. Si Maman, si mdogo wangu Carine ninayelala naye chumba kimoja, si mwalimu wa michezo, ambaye miaka yote ya shule alinikuta na misuko mipya kila siku ya bwawa. Ninaandika Kiswahili cha vitabuni alichonifundisha babu kule Lubumbashi. Carine anakielewa akikisikia, lakini kukisoma hawezi. Salama kabisa.

Ingebaki siri ndogo kama si mambo ya leo. Asubuhi nilimwomba Maman kwa mara nyingine aniruhusu kuishi kwenye kot huko Liège kuanzia mwezi wa tisa. Kot ni chumba cha mwanafunzi: kitanda, meza, na hakuna Carine. Nimeshakubaliwa kusomea ualimu huko. Nataka Liège kwa sababu hakuna mtu wa Liège anayenijua kama yule binti asiyesema. Maman alijibu huku akifunga kitambaa cha kichwa: mutoto mwenye anaogopa kuinua mukono mbele ya bantu, ataishi yeye peke namna gani?

Nikaapa moyoni. Swali la kwanza litakaloulizwa kanisani leo, nanyoosha mkono. Swali lolote!

Papa pasteur Polycarpe, mchungaji wetu, akasimama. Akatangaza safari ya watoto na vijana kwenda Hispania, bahari ya Mediterania. Kisha akauliza nani anajua kuogelea, ili awaangalie watoto majini. Anaïs, kijana mwenzangu wa kanisani, akanyoosha mkono. Ana cheti, ana mabega, ana kila kitu. Nami nikanyoosha.

Kanisa zima likageuka. Maman akasema kwa sauti, kama aliyeona jiko lake limetembea: Sidonie yangu?

Njiani kurudi Laeken, mtaa wetu hapa Brussels, alinishika mkono. Papa pasteur akirudi na kumwambia kwamba nimefanya kazi kama muntu mukubwa, Maman ataweka sahihi ya kot. Akisikia kinyume, nitasoma Brussels na kulala kitanda cha chini ya Carine hadi nizeeke. Mpango mzuri. Kinachokosekana ni kuogelea tu.

Jumatano, 9 Julai

Ushindi! Papa pasteur alikuwa hajachagua ufuo. Nilipekua mtandao hadi nikapata ghuba moja yenye mchanga, imekingwa dhidi ya upepo, na maji yake ni mafupi ajabu. Mjerumani mmoja ameandika kwa hasira kwamba alitembea kuelekea Afrika hadi akachoka, na kaptula yake haijalowa. Ameipa nyota moja. Mimi ningeipa anga lote.

Nikamtumia papa pasteur ujumbe: nimependekeza ghuba hii kwa ajili ya usalama wa watoto. Akasifu hekima yangu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Anaïs akaweka kidole gumba. Kimoja, kidogo, cha rangi ya manjano.

Jumamosi, 12 Julai

Nimevumbua mtindo. Mikono inatembea chini mchangani, miguu inaelea nyuma, kichwa kinatazama mbele kwa heshima. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha. Mamba huenda hivyo, na hakuna anayemwomba mamba cheti.

Nilifanya mazoezi ukumbini, kwa tumbo, kutoka mlango wa choo hadi jikoni. Carine akauliza kama ni ugonjwa. Papa Kabeya wa ghorofa ya chini akapanda kwa taabu, maana goti lake ni bovu, akauliza kama tunahamisha kabati.

Mchana nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kusukwa. Mtu mwenye misuko mipya hazamishi kichwa, na hakuna mama wa Kikongo atakayemlaumu. Lakini Anaïs alinikuta kwenye kiti cha saluni. Akauliza, mbele ya wasusi wote, bon, ni muogeleaji gani anayesukwa siku moja kabla ya safari ya baharini? Nikasema: yule asiyehitaji kupiga mbizi. Wasusi wakacheka upande wangu. Nilitembea hadi metro ya Porte de Namur kichwa juu, misuko ikinivuta ngozi hadi machozi.

Jumatatu, 14 Julai. Hispania

Basi usiku kucha. Maman Mathilde, kiongozi wa wamama, aliimba hadi Lyon. Lakini ghuba! Mchanga laini kama unga wa mihogo, maji hayana wimbi, yametulia kama yaliyo kwenye karai. Watoto walikimbilia ndani wakaendelea kukimbia, na bado maji yakawa kwenye magoti. Nilikaribia kumwandikia yule Mjerumani kumshukuru.

Nikaingia. Mamba akaenda! Huku, kule, mikono chini, tabasamu juu. Papa pasteur akaniinulia kofia. Yeye ni mtu wa Bukavu, na watu wa Bukavu wamezaliwa na ziwa mlangoni. Alishangaa kwamba Katanga kwetu, penye mashimo ya shaba tu, pametoa muogeleaji.

Tatizo dogo: watoto wote wameniiga. Jioni hii hakuna hata mmoja anayeogelea, wote wanatambaa. Anaïs aliuliza huo ni mtindo gani, na kwa nini mgongo wangu ni mkavu. Nikamwambia ni mtindo wa Katanga. Katanga hajafika.

Jumanne, 15 Julai

Niliamka mapema nirekebishe mtindo bila watazamaji. Nilikuwa nimepiga magoti majini, naangalia jinsi ya kunyanyua miguu, niliposikia nyuma yangu "Aleluya". Maman Mathilde! Amesimama ufuoni na kitenge chake, mikono juu. Alidhani ninaomba. Ningemwambiaje? Nikafumba macho. Akaanza wimbo. Beti zote. Magoti yangu yakawa ya mtu mwingine.

Wakati wa chai aliwatangazia wote: mutoto huyu, asubuhi yote, ndani ya mayi ya baridi, kwa magoti! Ah, ninyi wengine munalala tu kama samaki ya kukauka!

Hasara? Hapana. Sasa mimi ni muogeleaji na pia mwombaji. Papa pasteur ataripoti mara mbili.

Lakini wivu wa Anaïs! Mbele ya kila mtu akapendekeza mashindano keshokutwa, yeye na mimi, hadi kwenye boya la manjano. Watoto wakapiga kelele za furaha, papa pasteur akakubali. Nikatabasamu. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja anayekodisha boti za kukanyaga, nikamuuliza kwa ishara kina cha maji kwenye boya. Aliweka mkono kifuani. Akaupandisha shingoni. Akaupandisha juu ya kichwa chake, akaendelea kuupandisha, huku akinitazama kwa huruma.

Usiogope, Sidonie. Bado kuna siku nzima ya kuugua.

Alhamisi, 17 Julai

Sikuugua. Nilijaribu jana, lakini Maman Mathilde aliniombea na kuninywesha chai ya tangawizi kali hadi nikapona kwa kujihami.

Leo, saa ya mashindano. Papa pasteur alikuwa amekwenda kununua mikate. Tukaambiwa tumsubiri. Anaïs alisema atapumzisha misuli, akajilaza kwenye godoro la hewa pale maji yanapoanza. Akalala. Kweli akalala, mdomo wazi! Na upepo mdogo, wa kwanza tangu tufike, ukatoka nchi kavu ukalichukua godoro. Taratibu. Tulipogundua alikuwa ameshapita boya.

Wamama wakapiga yowe. Wote wakanigeukia. Sidonie, kimbia! Weye njo monitrice, mwangalizi wa watoto! Maman Mathilde akanisukuma mgongoni kwa mkono wake wa kupiga fufu, ugali wetu.

Nikaingia. Si ushujaa. Nilikuwa namwona Anaïs akizidi kuwa mdogo, na nilijua kwamba nikigeuka nitalazimika kusema kwa nini. Magoti. Kiuno. Nikapita mbali na boya, upande wa kushoto, ambako maji yalikuwa na rangi ya kung'aa zaidi. Kifua. Shingo. Kidevu! Nilisimama kwa ncha za vidole nikaliona jina la Liège likielea mbele yangu. Hatua moja zaidi. Na mchanga ukapanda.

Ndiyo, ukapanda! Kidevu, kifua, kiuno, magoti, vifundo. Kulikuwa na fungu la mchanga huko nje, ghuba iko mbali nyuma yangu, nami nimesimama katikati ya bahari ya Mediterania, maji yakinilamba vidole. Godoro lilikuja lenyewe, likakwama miguuni pangu. Anaïs akafungua macho. Akauliza ni saa ngapi.

Ndipo tukasikia kuimba. Kule ufuoni, mbali, wamama wote walikuwa wamepiga magoti. Nilielewa polepole. Kwa jicho la mtu aliyeko kule, nilikuwa nimezama hadi kichwa, kisha nikainuka na kutembea juu ya maji.

Nikapunga mikono kuwaambia hapana, hapana! Wakafikiri ninawabariki. Wimbo ukapanda. Nikapiga mguu chini kuonyesha kwamba kuna mchanga. Wakafikiri ninacheza kwa furaha. Wakaanza kucheza nao.

Anaïs akanitazama, akatazama miguu yangu iliyosimama mchangani, akaelewa kila kitu. Hujui kuogelea, alisema. Nami nikamkumbusha kwamba yeye alilala kazini. Tukapeana mikono pale baharini, kama mawaziri. Yule mzee wa boti akaja kutuchukua, akicheka hadi akaacha kukanyaga.

Nilisema ukweli, ninaapa. Nilipofika tu nikasema: kulikuwa na mchanga. Maman Mathilde akalia zaidi. Sikia unyenyekevu wa huyu mutoto! Papa pasteur, mikate bado kwapani, alitazama bahari kwa macho yake ya Bukavu. Akasema taratibu kwamba, bon, huenda kweli kuna mchanga. Maman Mathilde akamuuliza tangu lini mchungaji ana imani ndogo kuliko wamama. Papa pasteur akaanza kugawa mikate.

Ujumbe wa sauti ulishafika Brussels kabla nywele zangu hazijakauka.

Jumapili, 20 Julai. Brussels

Siku yangu! Papa pasteur alimwambia Maman, neno kwa neno, kwamba nimefanya kazi kama mtu mzima. Akasisitiza neno "kazi", akaacha mengine. Maman alikuwa na kitenge chake cha sikukuu. Nilianza kuona mapazia ya kot yangu. Ya kijani.

Nyumbani Maman akanikalisha kwenye kiti cha marehemu baba. Akanishika mashavu. Alisema miaka yote alinilalamikia kwa ukimya wangu, kumbe nilikuwa ninaongea na Mwenye kusikia. Alilia. Nilikaribia kusema. Kwa kweli mdomo ulifunguka.

Lakini akaendelea. Donc, mutoto mwenye zawadi kama hii hawezi kupelekwa Liège katikati ya bantu ba kulala mpaka saa sita. Kanisa linanihitaji hapa. Nitasoma Brussels. Kila Ijumaa sebule yetu itakuwa ya maombi, nami nitaongoza, kwa sauti. Papa Kabeya ameshakuja na goti lake. Ameliweka juu ya meza ndogo, ananisubiri.

Kot imekwenda. Niliomba kupita kiasi!

Nikaliwekea goti mkono, nikanong'ona kitu. Papa Kabeya akasema linapata joto. Bila shaka, ni Julai.

Jumanne, 22 Julai

Leo asubuhi, nikipiga mswaki, niliamua kumwambia Maman ukweli wote. Nilijisikia mwepesi, msafi. Kisha nikasukutua.

Kwa nini kubomoa kitu kinachofanya kazi? Maman anaamini. Kinachotakiwa ni kuielekeza imani hiyo upande wa Liège. Nikaenda jikoni, nikasema nimeota ndoto. Mtu mwenye nguo nyeupe alinishika mkono akanionyesha mji kando ya mto. Maman akaacha kukata vitunguu. Mji gani? Nikasema hakutaja, lakini palikuwa na ngazi nyingi sana. Liège! alisema mwenyewe, maana Ubelgiji nzima inazijua ngazi za kilima cha Liège. Akauliza kama yule mtu alionyesha nyumba. Alionyesha. Mtaa wa Outremeuse, ghorofa ya pili, jiko la kushirikiana, inapatikana kuanzia mwezi wa tisa.

Maman alisema malaika wa siku hizi wana habari kamili. Akafuta mikono, akaniambia atakwenda kuiona nyumba Jumamosi, na kama ngazi zipo, ataweka sahihi. Ngazi zipo! Nilizihesabu kwenye picha!

Kuna jambo moja tu dogo. Alimpigia Maman Mathilde kumpa habari njema. Maman Mathilde ana dada yake huko, na kanisa lao hubatizia watu mtoni Meuse. Wamefurahi mno. Jumapili yangu ya kwanza watanisubiri ukingoni, kanisa zima, waone kwa macho yao nikitembea juu ya maji. Waliuliza kama nitakubali. Maman akanipa simu. Nikasema ndiyo, kwa sauti nzito, bila hata kutetemeka. Mimi, Sidonie!

Nimeshaanza kutafuta sehemu ambayo maji ya Meuse ni mafupi. Lazima ipo. Mto mrefu hivyo hauwezi kuwa na kina kila mahali.

Hili libaki hapa, kati yangu na wewe uliyelisoma. Usimwambie Maman. Usimwambie Papa Kabeya, goti lake linaendelea vizuri. Hata watu wa Liège wakikuuliza, wewe hujui lolote kuhusu mchanga.