Upana wa Gari Moja

Jumamosi, 3 Mei

Nimeibiwa ushindi mchana kweupe! Mbio za magari za klabu, nimevuka mstari wa mwisho nikiwa wa kwanza, honi juu. Kabla sijavua kofia, karatasi ikabandikwa ubaoni: naongezewa sekunde tano kwa kumsukuma mwenzangu nje ya njia. Kumsukuma! Nilimwegemea tu. Ushindi kapewa Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayesambaza mikate kwa gari la duka siku sita za wiki. Na mimi nani? Mwalimu wa udereva, miaka kumi na tisa!

Nikamwendea mwamuzi mkuu. Mkunga mstaafu, anaongea polepole utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kaniambia kona si tumbo la mama yangu hata nitake kukaa humo peke yangu. Mke wangu naye eti aliona kila kitu kutoka jukwaani, na nilisukuma. Mke wangu wa ndoa!

Sasa mimi na Shemeji tunalingana pointi. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho, na klabu ina nafasi moja tu katika Mbio Kuu. Naisubiri nafasi hiyo tangu nikiwa na nywele.

Siri ya humu ndani: alivyonipita mzunguko wa tatu, we acha! Kachelewa breki, kaingia ndani ya kona, kaniachia upana wa gari moja kamili, bila kuzidi wala kupungua. Ningepiga makofi, ila mikono ilikuwa kwenye usukani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimesoma kitabu cha kanuni chote, hata ukurasa wa shukrani. Nimeipata! Anayepita akishafikisha gurudumu la mbele ubavuni mwa mwenzake kabla ya kona, lazima aachiwe nafasi. Akibanwa, aliyembana anaadhibiwa. Basi Jumamosi nachomeka pua ya gari. Shemeji atanibana, maana binadamu gani habani? Tutagusana. Nitalia. Sekunde tano zitahamia kwake.

Nimefanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Mke wangu kauliza ni jino gani.

Alhamisi, 8 Mei

Waamuzi wanataka ushahidi. Nimeazima kamera kwa mpiga picha za harusi, nikaifunga juu ya dashibodi. Shemeji kapita kutuletea mkate, kaiona inalegalega, kachukua bisibisi kaikaza mwenyewe. Maskini, anakaza kitanzi chake! Dhamiri imenisuta kwa muda wa slesi mbili. Mkate ulikuwa bado wa moto.

Jumamosi, 10 Mei

Jamani. Mzunguko wa nne, nikachomeka pua. Kaniachia nafasi! Mzunguko wa tano, tena. Kaniachia! Ananipisha kama mgeni kwenye benchi, kisha anatoka kwenye kona mbele yangu vilevile. Hivi huyu mtu hana hasira?

Mzunguko wa nane nikawa mbele, hata sijui ilikuwaje. Wa tisa akateleza, akakatiza majani, akatokea mbele yangu. Nikashangilia! Adhabu hiyo, kitabu kinasema wazi! Lakini kapunguza mwendo, kanyanyua mkono, kanirudishia nafasi yangu bila kuambiwa na mtu. Nikapungia jukwaa. Bado napunga, kanipita kwa nje ya kona, kati yetu pamebaki kiganja. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilikuwa nacho kiti cha mbele.

Kona ya mwisho hasira zikanizidi. Nikamgonga ubavuni. Mimi nikazunguka mara tatu, yeye akalinyoosha gari akashinda. Nikapeleka malalamiko na kamera papo hapo.

Jumapili, 11 Mei

Chumba cha waamuzi: meza moja, feni inayolia, runinga ndogo. Shemeji kushoto, mke wangu kakaa upande wake. Picha ilitoka vizuri sana. Sauti ilitoka vizuri zaidi.

Hakuna aliyeniambia kwamba kamera ya harusi inanasa sauti! Chumba kizima kimenisikia nikimsihi Shemeji anibane, anibane basi, mbona habani? Kimenisikia nikisema lo, safi, alivyonipita kwa nje. Kisha nikisema liwalo na liwe. Kishindo. Kisha mimi nikilia kwamba nimegongwa, nikijiambia hapana, nilie kwa huzuni zaidi, kisha nikilia upya. Mkunga kaomba kipande hicho kirudishwe nyuma. Mara mbili.

Walitaka kunifungia msimu mzima. Shemeji akasimama. Kasema aliyemfundisha kuendesha gari ni mimi, na somo la kwanza kabisa, hata kabla ya kuwasha injini, nilimwambia barabara si ya mtu mmoja, mwachie mwenzako upana wa gari. Kasema hajalisahau hata siku moja. Akaomba nisifungiwe.

Mimi nimelisahau. Sikumbuki hata siku yenyewe. Nimelia, na safari hii sikuhitaji kioo.

Nafasi ni yake. Adhabu yangu imepunguzwa: siku ya Mbio Kuu nitasimama kona mbaya kuliko zote, nishike bendera, nione watu wanavyopitana kwa adabu.

Jumanne, 13 Mei

Nimetubu. Mtu mpya kabisa! Kamera nimeirudisha. Leo nimewaambia wanafunzi wangu wote kwamba dereva bora mjini ni shemeji yangu, na kwamba ni kazi ya mkono wangu.

Usiku wa jana na asubuhi hii nimesoma sura ya bendera. Bendera ya buluu: dereva anayepungiwa ampishe aliye nyuma yake mara moja, la sivyo adhabu. Na atakayesimama kona mbaya kuliko zote, mwenye bendera ya buluu mkononi, ni nani?

Kila atakayekuwa mbele ya Shemeji nitampungia. Wote! Nimeshaanza mazoezi na taulo, mke wangu kauliza nafukuza nini. Safari hii nafunga mdomo.