Ombi la Kusimamisha Ndoa Mpaka Albamu Iishe

Katuba, Lubumbashi, Jumatatu

Kwako Papa Chanda, mkubwa wa familia, Sakania.

Papa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Lombe, mpiga ngoma wa Radi ya Katuba, bendi ya rock ambayo dada yako, Mama Huguette, anaiimbia huu mwaka wa ishirini na mbili. Naandika Kiswahili cha shule kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Naomba kwa unyenyekevu uvunje ndoa ya mpwa wako Falonne na Franck, mpiga gitaa wetu. Si milele. Wiki tatu tu.

Sababu zangu ni hizi:

1. Ulipopokea mbuzi wa mahari wa Franck mwezi wa tano, hukutuuliza sisi wa bendi. Tangu siku ile Mama Huguette ni mama mkwe wake. Desturi unaijua kuliko mimi: mkwe hamtazami usoni, haketi kula mbele yake, hapazi sauti alipo. Sasa Papa, rock bila kupaza sauti ni nini? Ni maombi ya asubuhi.

2. Hii ndiyo albamu yetu ya mwisho. Koo la dada yako limechoka, na daktari amempa mpaka Krismasi, kisha aache kuimba kabisa. Nyimbo ni tisa. Tunao mmoja na nusu.

3. Zamani waliimba kwenye mikro moja, shavu kwa shavu. Sasa tumefunga kitenge katikati ya studio, Franck huku, mama mkwe kule, na mimi ndiye wa kupeleka maneno. Franck alisema wimbo wa nne unakokota miguu. Kwa adabu nikamfikishia Mama kwamba mkwe wake anaupenda. Akaupunguza mwendo tena.

4. Jumatano kitenge kilianguka. Franck alitoka kwa dirisha na gitaa lake, na kwa kuwa waya ni mfupi, amplifaya ilimfuata. Moustapha, mwenye studio, amefunga mlango. Anasema hatatufungulia mpaka familia iamue.

5. Wimbo wa mwisho ni wa mapenzi. Franck aliutunga kabla hajamjua Falonne, na lazima waimbe wawili, wakiombana kukumbatiana mpaka kuche. Franck anasema afadhali aende kuchimba shaba. Mama anasema wimbo hautoki kwenye albamu, labda atoke yeye. Sasa hawasalimiani, hata kupitia kwangu, na inaniuma.

Kwa hiyo ukiivunja ndoa, Franck atakuwa tena mtoto wa watu, mkali na asiye na adabu, kama tunavyomhitaji. Falonne atakaa kwa mama yake. Mbuzi hatuwezi kumrudisha, tulimla, hata mimi nilipewa mguu, lakini nitaazima mwingine. Siku ya ishirini na mbili utawaozesha upya. Na ukiona hiyo haitoshi, weka sheria: mtu wa bendi asioe kamwe katika familia ya mwenzake wa bendi. Nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.

Wasalimie Mama Marceline, watoto wote, na yule jirani yako anayesema muziki wetu unamuumiza meno.

Ni mimi, ninayekuinamia kutoka nyuma ya ngoma zangu,

Lombe

N.B. Nimeisoma tena barua kabla ya kuifunga. Papa, tuache Kiswahili ya masomo. Miaka yote ile niko napiga ngoma nyuma ya Huguette, naona mugongo yake tu. Albamu ikiisha, hata mugongo sitaiona tena. Yeye iko mujane, na miye bibi sina. Niko naomba kumuoa. Ukikubali, siku ya Mungu, Yumapili hii, nitafika kwako Sakania na mbuzi, na si ya kuazima. Ndoa ya Franck uiache vile iko. Ile sheria pia uiache. Najua, nitakuwa baba mukwe ya Franck, na hata miye hataniangalia tena mu macho. Kitenge ya pili niko nayo tayari.