Mzimu Utaingia Kupitia Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 17 Novemba

Kwako Shajara, mwandani wangu usiyenikatiza kauli. Salamu na taadhima. Kusudi la maandishi haya ni kuweka kumbukumbu ya jinsi mimi, Bogumił Kwapisz, mtangazaji mstaafu wa kituo cha reli, nitakavyoitwaa kwa haki nafasi ya msomaji wa filamu katika Nyumba ya Utamaduni ya mji wetu.

Hali ni hii. Kila Jumamosi alasiri, majira yote ya baridi, familia hutazama filamu ya kutisha kidogo. Kidogo! Neno hilo limo kwenye bango. Filamu ni za kigeni. Hivyo, kama ilivyo desturi yetu, mtu mmoja huketi pembeni na kipaza sauti, akiyasoma kwa Kipolandi maneno ya wote: mfalme, mchawi, bibi kizee na paka. Hadi sasa mtu huyo ni Bwana Ksawery Dudek, aliyekuwa mchezesha vikaragosi. Dudek hasomi. Dudek hulia, hubweka, hukoroma. Jumamosi iliyopita alitoa mlio wa popo, na mtoto wa mfamasia hakubali tena kuingia bafuni peke yake.

Wazazi wamelalamika. Mkurugenzi, Bi Teofila Wrona, ametangaza jaribio: Jumamosi hii nitasoma nusu ya kwanza, Dudek ya pili, kisha wazazi waamue nani asome hadi majira ya kuchipua.

Ni lazima nishinde. Maisha yangu yote ya kazi nilisema na umma, na umma ulisimama ukanisikiliza. Tangu nistaafu nasema na mke wangu, Wiesława, naye huongeza sauti ya redio.

Jumanne, 18 Novemba

Asubuhi: kiini cha yai kibichi kilichopigwa na sukari, kwa ajili ya koo. Kisha mazoezi jikoni. Filamu yahusu mzimu wa msaga nafaka anayekitafuta kiatu chake cha ndani. Niliukabili mstari mzito kuliko yote: "Nani amekanyaga sakafu ya kinu changu?" Wiesława alikuwa akikunja pierogi, vile vipande vya unga vinavyojazwa viazi. Hakugeuka.

"Mzee," akasema, "huo mzimu wako umenitangazia kwamba umechelewa kwa sababu ya theluji."

Nilimsamehe. Nilitafuta shahidi asiye na upendeleo: Jagoda, mjukuu wa jirani, ambaye bado hajaota meno ya mbele. Nilimpa chai yenye sharubati ya rasiberi, nikamsomea mstari ule. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, huku amejifunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yakitikisika.

Kutetemeka huko kwa hofu kuliniingia moyoni. Nitahitaji kujizuia Jumamosi.

Jumatano, 19 Novemba

Upelelezi. Nilisimama chini ya dirisha la Nyumba ya Utamaduni kwenye mvua, nikisikiliza mazoezi ya Dudek. Alikuwa anaigiza mlango unaolia. Mlango! Mlango hauna maneno katika maandishi, nimehakiki.

Dirisha likafunguka ghafla. "Ingia, Bwana Bogumił," akasema Dudek, "mzimu wako utapata mafua."

Ilinibidi niingie. Ilinibidi ninywe chai yake. Chai ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu: nilimwona akimaliza sahani nzima ya biskuti akiwa anaongea. Mtu huyu hana kinga dhidi ya vitu vitamu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimenunua boksi la tofi za maziwa, zile zinazonata. Mpango: nitampa Dudek kabla tu hajashika zamu yake. Meno yatashikana. Mzimu utakosa ulimi. Wiesława aliuliza zawadi ni ya nani. Nikamjibu kwamba ni ya heshima baina ya washindani. Akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimegundua dosari kubwa katika maandishi ya filamu. Mzimu huingia bila taarifa! Tangu lini kitu kikubwa kikaingia mahali penye umma bila taarifa? Nimerekebisha kwa kalamu ya wino. Nimelala kwa amani.

Jumamosi, 22 Novemba

Ukumbi ulijaa. Nilimkabidhi Dudek boksi mapema kidogo, kwa sababu mikono ilinitoka jasho. Hili ndilo lililokuwa kosa. Dudek alinishukuru kwa sauti, akalifungua, akalipitisha kwa watoto wote, halafu akanigeukia mimi. Nilikataa, kama adabu inavyotaka. Akasisitiza, nikakataa tena. Mara ya tatu kwetu mtu hakatai, ni tusi. Nikatafuna.

Meno yangu ya bandia ya juu yalishikana na ya chini. Taa zikazimwa.

Nilisoma. Pole pole, neno moja moja, kila neno likivutwa kutoka kwenye tofi. Kinu kikaonekana. Nikatoa taarifa yangu: "Tafadhali sikilizeni. Mzimu utaingia baada ya muda mfupi kupitia mlango wa kushoto. Watoto mnaombwa kusogea mbali na ukingo wa kiti."

Mzimu ukaingia kupitia mlango wa kushoto. Ukumbi ukalipuka. Watoto walipiga kelele, wakashika matumbo, wengine wakadondoka vitini.

"Babu," Jagoda akaita gizani, "hujasema jukwaa namba ngapi!"

Nikamtajia, maana ni haki ya kila msafiri.

Kisha zamu ya Dudek. Akalia kama upepo wa kwenye bomba. Mtoto wa mfamasia akaingia ndani ya koti la mama yake na kutoka humo akadai arudishwe babu wa treni. Wengine wakaitikia. Dudek alicheka mpaka akafuta machozi, akanisogezea kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe. Nikausoma mzimu hadi ukapata kiatu chake.

Jumapili, 23 Novemba

Ushindi! Bi Teofila alikuja baada ya misa, akala pierogi, akanipa uamuzi wa wazazi: nitasoma hadi majira ya kuchipua, na Dudek atafanya milango. Akasema hakuna mtoto hata mmoja aliyeogopa nikisoma, na mtoto wa mfamasia jana aliingia bafuni peke yake, baada ya kujitangaza.

"Usibadilishe chochote, Bwana Bogumił," akasema. "Hata kidogo."

Ni mwanamke mwenye busara. Hakutaka kunivimbisha kichwa mbele ya mke wangu. Lakini mimi niliwaona watoto wale kwa macho yangu. Machozi, mayowe, kuanguka vitini. Najua hofu niionapo, na nguvu ya namna hii haifai kuachiwa bila tahadhari. Kwa hiyo nimeandaa waraka ufuatao, nitakaoupeleka kesho asubuhi:

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi. Kwa kuzingatia athari ya sauti yangu kwa watoto, naomba kwa unyenyekevu awepo muuguzi ukumbini kila Jumamosi ninaposoma. Naomba uamuzi wako: ataletwa, au hataletwa?